Gari Lililia Mara Moja

"Mbili," alisema Daktari wa Rimoti, akageuza kompyuta yake ndogo ili Sajini ajionee mwenyewe. "Gari hili linazijua funguo mbili tu hapa duniani. Si tatu, si moja na nusu. Mbili, Afande wangu."

Hapo uani mwa kituo cha polisi Sajini aliinama dirishani akatazama. Waya mweusi ulitoka kwenye kompyuta ukapotelea chini ya usukani, kwenye tundu ambalo mafundi hulitumia kuongea na gari. Juu ya dashibodi zililala funguo zenyewe, kila moja na rimoti yake. Moja ilikuwa imechakaa mpaka alama ya kufuli imefutika. Nyingine ilikuwa inang'aa.

"Na zote zinaliwasha?"

"Nimeliwasha kwa zote mbele yako. Unataka nikuwashie na muziki?"

Daktari hakuwahi kumtibu mtu yeyote. Jina hilo alijipachika mwenyewe na kuliandika ubavuni mwa kigari chake cha kazi kwa herufi kubwa za njano: DAKTARI WA RIMOTI, TUNAKUFUATA ULIPO. Mtu akipoteza ufunguo sokoni, akaufungia ndani ya gari msibani, au rimoti yake ikafa akiwa kwa mtu ambaye mkewe hamjui, alipiga simu, na Daktari alitokea na mashine zake kwenye buti. Mji mzima ulimjua, naye aliujua mji mzima pamoja na siri zake. Kituo hakikuwa na mashine kama yake, ndiyo maana aliitwa. Alifika mbio, maana habari kama hii asingekubali kuisikia kwa mtu mwingine.

Habari yenyewe ilikuwa mbaya. Jana mchana, kwenye mzunguko ulio karibu na shule ya msingi, gari hili jeupe lilimgonga mwanamke anayefagia barabara, yule ambaye kila mtu humwita Mama Fagio, likamwacha juu ya lami na ufagio wake. Halikusimama. Jioni lilikutwa mahali pake pa kila siku, nje ya ukuta wa nyumba ya Bosi wa Vigae, limefungwa milango yote kwa adabu kabisa, taa moja imepasuka, na kwenye bampa umenasa uzi wa fulana ya kazi, ile ya rangi ya machungwa inayong'aa ikimulikwa. Mama Fagio alikuwa hospitalini, hajafumbua macho. Dereva wa Bosi, kijana aitwaye Taratibu, alikuwa mahabusu. Alasiri karandinga lingempeleka mahakamani, na kutoka mahakamani ni rumande. Mkuu wa kituo alitaka jalada mezani kabla karandinga halijawashwa.

"Basi kazi imekwisha," alisema Daktari, akichomoa waya. "Hii iliyochakaa ni ya Bosi, na Bosi jana mchana alikuwa dukani kwake anagombana na wateja, watu wazima kabisa wameapa. Hii inayong'aa ni ya Taratibu. Haya, nani aliendesha? Hata mama yangu angejibu, na mama yangu hata mimi wakati mwingine haniamini."

"Taratibu anasema alikuwa amelala chumbani kwake nyuma ya duka."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Aaah." Daktari alisikitika kwa dhati. "Angalau angekuwa na demu. Lakini Afande, unajua kwa nini wanamwita Taratibu? Anaendesha kama amepakia mayai ya mama mkwe. Mtaani watu hawaamini."

Sajini hakuwa anamsikiliza. Alikuwa amechuchumaa kando ya mlango wa dereva, pua yake karibu na tundu la ufunguo. Pembeni ya tundu kulikuwa na mikwaruzo miwili mitatu, na ndani ya mikwaruzo rangi ilikuwa imetoka, bati linaonekana jeupe, halina kutu wala vumbi.

"Hii nini?"

"Mkwaruzo."

"Naona ni mkwaruzo. Wa nini?"

"Sasa Afande, tundu la mlango nani analitumia siku hizi? Watu wanabonyeza tu, tik, mlango umefunguka. Hilo tundu lipo kama mapambo."

"Mapambo haya jana au juzi yametumika," alisema Sajini, akasimama. "Funga mashine zako. Unanipeleka kwa Bosi."

"Mimi? Gari la kituo je?"

"Lina mkuu ndani yake, liko mkutanoni. Wewe si unawafuata watu walipo?"

Walipopita mapokezi wakitoka nje, mke wa Taratibu aliinuka kwenye benchi. Alikuwa na mimba kubwa, na mkononi ameshika shati safi la mumewe, la kuvaa mbele ya hakimu. Alimtazama tu Sajini mpaka mlango ukajifunga.

*

Nyumba ya Bosi wa Vigae ilitazamana na kibaraza cha fundi cherehani, na fundi cherehani aliitwa Redio. Hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Alipoona kigari cha njano kikisimama na Sajini akishuka, alizima cherehani, akavuta kigoda cha wageni, akapangusa kiti kwa kitambaa cha mteja.

"Karibu, Afande, karibu. Nilijua tu mtarudi. Nikamwambia mke wangu, hawa watarudi, hawajamaliza."

"Jana ulisema umemwona Taratibu akilirudisha gari," alisema Sajini. Hakuketi.

"Kwa macho yangu haya."

"Alikuwa amevaa nini?"

Redio akamtazama Daktari, naye Daktari akatazama juu, kwenye waya wa nguo.

"Vioo vya gari lile ni vyeusi, Afande. Vyeusi kama sufuria ya shughuli."

"Kwa hiyo hukumwona mtu."

"Niliona gari. Sasa gari likija, si lazima dereva awemo?"

"Lazima awemo. Nauliza kama ulimwona akishuka."

"Nilikuwa nimerudi ndani. Nina mteja, mama mmoja, anataka gauni la harusi ya mdogo wake, na kiuno anachotaka nimshonee si kiuno alichonacho. Tukawa tunabishana hapo."

Sajini alitazama upande wa pili wa barabara. Ukuta wa Bosi ulikuwa mrefu, uani kumejaa maboksi ya vigae mpaka langoni, ndiyo maana gari lililala nje. Juu ya ukuta, karibu kabisa na sehemu gari linapoegeshwa, palikuwa na dirisha moja la chumba, pazia limefungwa.

"Na lilipoondoka? Uliliona?"

"Lilipoondoka nililisikia tu. Lililia."

Sajini aligeuka. "Lililia vipi?"

"Kama yanavyolia magari yakiguswa. Pii, pii, pii! Mara moja, halafu injini ikawaka, likanyamaza. Nikamwambia yule mama, Taratibu leo kachanganyikiwa na joto."

"Hili jana hukulitaja."

"Kulia kwa gari nayo ni habari, Afande? Mtaa huu hata paka akipanda juu ya boneti gari linalia."

Sajini alimshika Daktari mkono wa shati akamvuta mpaka katikati ya barabara, mbali na masikio ya Redio, ingawa Redio naye alisogeza kigoda mbele kidogo.

"Mtu mwenye rimoti, akija kuchukua gari lake, gari linalia?"

"Halilii. Unabonyeza, alamu inalala, mlango unafunguka."

"Akifungua kwa kuchomeka chuma cha ufunguo kwenye tundu la mlango?"

"Hapo litalia. Linadhani ni mwizi. Mpaka aingie, achomeke ufunguo pa kuwashia, gari lisome chipu iliyo ndani ya ufunguo. Likiitambua linawaka, na kelele zinaisha."

"Mara moja, halafu kimya."

"Mara moja, halafu..." Daktari alikunja uso. "Subiri, Afande."

"Nasubiri."

"Hapana, haiwezekani. Unataka kusema mtu alikuwa na chipu lakini hana vitufe vya kubonyeza. Hakuna ufunguo wa namna hiyo. Ziko mbili, nimezipima, na vitufe vyake vyote vinafanya kazi."

"Ile inayong'aa. Kwa nini inang'aa?"

"Ganda ndilo jipya. Nilimbadilishia Taratibu pale pale langoni. Vitufe vilikuwa vimetoboka, na meno ya chuma yamelika, mpaka uchezecheze ndipo kizunguke. Nikaitoa sakiti ya rimoti nikaihamishia kwenye ganda jipya, nikachonga chuma kipya. Kazi safi, aliniitikia kwa salamu ya mikono miwili."

"Na chipu?"

Daktari aligeuka kulitazama lango la Bosi.

"Daktari, chipu je?"

"Kwenye magari ya aina hii, chipu ni kipande kidogo kama punje ya mchele, kimegandishwa kwa gundi kwenye ganda lenyewe. Ukikibandua kikapasuka, umemuua mteja. Mafundi wenye haraka wanakipasua kila siku. Mimi sikigusi. Nakinakili. Naweka nakala kwenye ganda jipya. Namba ni ile ile, kwa gari wote ni mtu mmoja, haliwezi kuwatofautisha."

"Ndiyo maana linahesabu mbili."

"Ndiyo maana..." Daktari aliishusha kofia yake usoni. Jua lilikuwa kali na paji lake la uso lilikuwa limeanza kutoa jasho.

"Ganda la zamani lilibaki na chipu yake?"

"Lilibaki nayo."

"Na chuma chake?"

"Kimelika, Afande. Lakini... ndiyo. Na chuma chake."

"Liko wapi?"

Daktari alivua kofia. "Mapacha wa Bosi walikuwa pale wananing'inia miguuni. Wakalililia. Mama yao akasema, wape wachezee, si takataka tu? Nikawapa."

"Uliwapa watoto ufunguo wa gari."

"Niliwapa ganda, Afande! Kila fundi anafanya hivyo, watoto wanapenda, wazazi wanacheka, kesho wanakuita tena..." Akatazama kigari chake, maandishi yake ya njano.

*

Sebule ya Bosi ilikuwa imejaa majirani waliokuja kutoa pole, ingawa haikujulikana pole ilikuwa ya nani. Wengine walikuwa wanamwonea huruma Bosi kwa kupata dereva muuaji, wengine walilionea huruma gari. Sajini aliwaomba watoke. Walitoka mpaka barazani, wakasimama pale pale nyuma ya pazia.

Walibaki wanawake wawili. Mama Pacha, mke wa Bosi, mnene na mchangamfu, amevaa kanga kiunoni, amekaa chini na mapacha wake wawili. Na wifi yake, dada wa Bosi, ambaye mapacha walimwita Shangazi na kwa hiyo nyumba nzima ilimwita Shangazi. Alikuwa mwembamba na mfupi, na tangu Sajini aingie alikuwa anamsuka pacha wa kike nywele, anafumua, anasuka tena.

"Midoli ya watoto iko wapi?" aliuliza Sajini.

"Midoli?" Mama Pacha alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, alivuta beseni la plastiki chini ya meza akalimimina juu ya zulia. Vifuniko vya chupa, mdoli asiye na kichwa, vijiko, kikokotoo kibovu. Na ganda la rimoti, jeusi, matundu mahali vilipokuwa vitufe.

Daktari alitoa mguno.

Sajini aliliokota kwa leso, akakikunjua chuma. Kwenye meno yaliyolika kulikuwa na grisi nyeusi, mbichi, na kwenye grisi kumeganda chembe za rangi nyeupe. Akamwonyesha Daktari. Daktari aliitazama, akatikisa kichwa kukubali, akaenda kusimama karibu na mlango kama mtu anayetaka hewa.

"Mama Pacha, jana mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Nawaogesha hawa bafuni. Nimeshasema jana."

"Ulisikia gari likilia nje?"

"Nilisikia, mbona. Nina sabuni mpaka viwikoni, nikapaza sauti, wifi, we wifi, hebu chungulia dirishani, gari linaguswa! Wifi kimya. Nikajua kalala, ana kichwa chake kile. Mara likanyamaza, nikasema basi ni Taratibu."

"Unajua kuendesha?"

"Mimi?" Safari hii alicheka kwa nguvu zote. "Afande, mimi hata baiskeli ilinikataa. Muulize wifi, kwa mumewe alikuwa na gari lake mwenyewe, jekundu, akipita watu wanageuka. Mwambie, wifi."

Vidole vya Shangazi vilisimama kwenye nywele za mtoto.

"Na wewe, Shangazi?" aliuliza Sajini. "Ulilisikia?"

"Nililala."

"Chumba chako ndicho kile chenye dirisha juu ya gari?"

"Ndiyo."

"Fundi cherehani ng'ambo ya barabara, cherehani inanguruma, anagombana na mteja, amelisikia. Wifi yako bafuni, maji yanamwagika, watoto wawili wanapiga kelele, amelisikia, na akakuita kwa sauti ninayoijua sasa ilivyo. Wewe kitanda chako kiko hatua chache kutoka kwenye boneti."

"Nilikunywa dawa ya kichwa."

"Tuzungumze chumbani kwako," alisema Sajini.

*

Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, masanduku mawili ambayo hayajafunguliwa, na ukutani picha ya watoto wawili wenye sare za shule. Sajini alizijua zile sare. Jana alizipita zikiwa zimejipanga kwenye uzio wa shule, watoto wanachungulia damu kwenye lami ya mzunguko.

"Wako?"

"Wangu. Wako kwa baba yao."

"Unawaona?"

"Haniruhusu. Mpaka mahakama iseme. Tunasikilizwa wiki hii." Shangazi alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono katikati ya magoti. "Wakili wake anasema mimi si mtu wa kuaminiwa na watoto."

Sajini aliweka lile ganda juu ya kitanda, ndani ya leso yake, baina yao. Nje ya dirisha Redio alisikika akimsimulia mtu, sauti ya chini, kwa raha.

"Niliwakuta mapacha wanalichezea," alisema Shangazi mwishowe. "Wanajifanya wanaendesha. Nikalichukua niwafurahishe, nikalichomeka garini wakati Taratibu analiosha, nikitaka wacheke tu. Taa za dashibodi zikawaka zote. Taratibu alikuwa nyuma anasugua magurudumu. Nikachomoa."

"Hukumwambia mtu."

"Hapana."

"Na jana?"

"Jana mdogo alikuwa anatimiza miaka saba. Nilitaka nisimame tu nje ya uzio wakati wa kutoka shule. Kaka angeniuliza naenda wapi, dereva wa teksi angeniona, huu mtaa unavyosema! Nikasema naenda na kurudi, wifi hajamaliza kuogesha." Alitazama picha. "Nilimwona. Alikuwa na puto. Nikageuza gari kurudi, na nilikuwa bado namtazama kwenye kioo."

Akageuka kutoka kwenye picha.

"Sikumwona yule mama, Afande. Nilisikia tu. Nikadhani... sijui nilidhani nini. Mguu wangu ulikanyaga mafuta." Akainua uso. "Yu hai?"

"Asubuhi alikuwa hai. Hajafumbua macho."

"Na Taratibu?"

"Taratibu ataingia karandinga alasiri hii, mbele ya mkewe. Ukikaa kimya mpaka hapo, ataingia kwa kosa lako."

Mlango ulifunguliwa bila kugongwa. Bosi wa Vigae alisimama mlangoni, mtu mzito, vumbi la saruji bado kwenye viatu. Mkewe alikuwa amempigia simu. Alitazama ganda lililo kitandani, akamtazama dada yake, akaufunga mlango nyuma yake taratibu sana.

"Afande," alisema, "tuongee kiutu uzima."

"Ongea."

"Taratibu ni kijana wangu. Nimemtoa mbali. Sitamtupa. Nitamwekea wakili mzuri, mkewe hatalala njaa hata siku moja, mtoto akizaliwa ni wangu. Atakaa kidogo, atatoka, atarudi kazini. Lakini huyu akiingia mahakamani wiki hii kwa jambo hili, watoto wake hatawaona tena. Unanielewa? Milele."

"Taratibu umemwuliza?"

"Atakubali. Nikimwomba mimi atakubali."

"Hilo silibishii," alisema Sajini. "Ndiyo maana linanitisha. Nikija kwako na mke wake, yule aliyekaa kwenye benchi tangu asubuhi, utamwambia haya maneno mbele yake? Mtoto akizaliwa ni wangu?"

"Afande, usinifanyie hivyo nyumbani kwangu."

"Kaka," alisema Shangazi.

"Nyamaza, wewe."

"Kaka, basi." Alisimama. Alikuwa anamfikia Bosi kifuani, lakini Bosi ndiye aliyerudi nyuma. "Nimelala usiku mzima nasikia ule mlio wa yule mama akigongwa. Sitawaendea watoto wangu na mlio ule masikioni. Nipishe."

Bosi hakupisha. Shangazi alimsubiri. Mwisho alimshika mkono, akamsogeza pembeni kwa upole kama anavyosogezwa mtu aliye mgonjwa, akatoka. Sebuleni pacha wa kike alimkimbilia, nusu ya nywele imesukwa, nusu imesimama. Shangazi alimbusu utosini, akamwambia mama atamalizia, akapita katikati ya majirani barazani, nao wote wakawa wamesahau ghafla walichokuwa wanazungumza.

*

Kituoni Sajini hakutaka maneno matupu. Aliagiza gari lifungwe kwa rimoti, kila mtu asogee, akamkabidhi Daktari lile ganda lililokunjuliwa. Daktari alichomeka chuma kwenye tundu la mlango. Hakikuzunguka. Alikivuta nje kidogo, akakiinua, akakicheza kushoto kulia, na kila alipokicheza ncha yake ilikwaruza rangi pale pale penye mikwaruzo. Kisha kikazunguka.

Gari likalia. Pii, pii, pii, mpaka askari wa ghorofani wakatoa vichwa madirishani. Daktari aliingia, akachomeka ganda pa kuwashia. Injini ikaitika, na kelele ikakatika.

"Tatu," alisema Daktari kwa sauti ndogo. Alichomoa ganda, akalitua juu ya boneti polepole. "Nimezunguka mji huu nikigawa haya maganda, Afande. Sijui nimegawa mangapi."

"Kesho utaanza kuyakusanya."

"Kwa watoto?"

"Kwa watoto. Peleka pipi."

Karandinga lilikuwa limeshawashwa uani. Sajini aliingia ofisini kwa mkuu na kutoka humo na karatasi moja, na karandinga likaondoka bila Taratibu. Shangazi alikuwa amekaa mbele ya meza ya mapokezi, anamsimulia konstebo tangu mwanzo, na konstebo anaandika polepole, anamwomba arudie. Mke wa Taratibu alikuwa amekaa benchi lile lile, na sasa wanawake wawili walikuwa wametenganishwa na upana wa chumba tu.

Taratibu aliletwa. Alikuwa kijana mrefu, peku, viatu mkononi. Alipomwona Shangazi alisimama.

"Pole, dada," alimwambia.

Shangazi alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Konstebo aliacha kuandika.

Sajini alimtoa Taratibu nje kwenye ngazi, akampa kalamu na karatasi ya kusaini. Akamtazama akisaini bila haraka, herufi moja moja. Hakuwa ameuliza kwa nini dada wa bosi yuko pale. Hakuwa ameonekana kushangaa.

"Ulijua," alisema Sajini.

"Nilijua jana."

"Jana saa ngapi?"

"Mlipoliona gari, mkaniambia nilisogeze mbele kidogo mlipige picha. Nilipoingia, magoti yangu yakagonga usukani. Kiti kilikuwa kimevutwa mbele kabisa. Nyumba ile mwenye miguu mifupi anayejua kuendesha ni mmoja tu."

"Umelala mahabusu ukijua? Mkeo yuko pale katika hali ile, na wewe umenyamaza?"

"Ulinihoji wewe mwenyewe, Afande." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Uliniuliza nimekunywa nini. Ukaniuliza nilikuwa mwendo gani. Ukaniuliza kwa nini sikusimama nilipomgonga. Nikasema si mimi, ukarudia, kwa nini hukusimama. Nilikuwa nangoja uulize ni nani. Ningetamka jina la dada wa bosi bila kuulizwa, ungesema namsingizia."

Sajini alibaki na kofia ya kalamu mkononi.

"Sasa nakuuliza," alisema.

"Sasa unajua," alisema Taratibu. Akaketi kwenye ngazi, akaanza kuvaa viatu.